Nani ana haki ya kujiita arshitekte? Historia ya jina, kashe na miaka 10

Leo tuongee juu ya neno moja: arshitekte. Mu mitaa yetu neno hilo linatembea ovyo. Kijana mwenye kuchora plani kwa kompyuta anaitwa arshitekte. Masoni mwenye timu ya watu kumi anaitwa arshitekte. Mwenye alimaliza masomo ya ujenzi, na mwenye aliyaacha njiani juu ya kukosa minerval, wote wawili wanaitwa jina lile lile. Munganga hatumfanyii vile, na avoka naye hatumfanyii vile. Mtu akivaa blouse nyeupe na kudunga watu sindano bila masomo, tunamwita mwongo, na polisi wanamtafuta.

Sasa swali ni hili: jina la arshitekte lilianza lini kulindwa na sheria, na nani alitaka lilindwe? Wengi wanafikiri ni jambo la zamani sana, tangu Wazungu waanze kujenga makanisa makubwa ya mawe. Hapana. Ni jambo la juzi tu. Tena historia yake ni ya ajabu kidogo, juu mzigo ulitangulia jina. Sheria ilianza kumhukumu arshitekte miaka zaidi ya mia moja mbele ya kusema arshitekte ni nani. Tuifuate hii njia pole pole, juu inapita Paris, Chicago, London na Bruxelles, kisha inafika mpaka kwetu.

Patente: lipa, kisha fanya

Tuanze na mwaka wa 1791. Mbele ya hapo, mu Ufaransa na mu inchi za jirani, kazi nyingi za mikono zilikuwa mikononi mwa vyama vya mafundi. Kama haukupokelewa na chama cha mji wako, haukuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Vyama vile vilifundisha watoto kazi, lakini vilifunga mlango pia: mara nyingi mtoto wa fundi alipita kwa urahisi, na mtoto wa mtu wa kawaida alibaki inje.

Mapinduzi ya Ufaransa yakavunja ule mlango. Mwezi wa tatu 1791, sheria iliyobeba jina la d'Allarde ilisema kila mtu ana uhuru wa kufanya kazi anayoipenda, mradi alipe kodi inayoitwa patente. Miezi mitatu kisha, mwezi wa sita, sheria ya Le Chapelier ikakataza watu wa kazi moja kujifunga mu chama. Ubelgiji ulimezwa na Ufaransa mwaka wa 1795, na ule utaratibu ukaingia huko pia.

Patente! Neno hilo munalijua muzuri. Wenye kuuza mu soko na wenye butike ndogo ndogo wanalilipa mpaka leo. Basi fahamuni kwamba mu karne ya 19, mu Ubelgiji, arshitekte alikuwa katika hali ile ile: ulilipa patente, uliandika jina lako kwenye mlango, ukaanza kuchora nyumba za watu. Hakuna mwenye aliuliza diploma.

Miaka 10: mzigo unafika mbele ya jina

Mwaka wa 1804, Napoléon anatoa kitabu cha sheria za raia. Ndani yake kuna kifungu cha 1792, chenye wanafunzi wa droit wanakijua. Maana yake ni hii: kama nyumba imejengwa kwa bei ya kupatana, kisha ikaanguka yote ao sehemu yake juu ya ubaya wa ujenzi, hata juu ya ubaya wa udongo, arshitekte na entreprenere wanajibu kwa muda wa miaka 10.

Soma tena ile sehemu ya udongo. Arshitekte hawezi kujitetea kwa kusema: «Mimi nilichora muzuri, ni udongo wa parseli njo ulikuwa mubaya.» Sheria inamwambia: ilikuwa kazi yako kuupima udongo mbele ya kuchora. Mwenye parseli hajui mambo ya udongo, na ni juu ya hiyo alikuita wewe.

Kwa hiyo tangu 1804 kulikuwa na mtu aliyebeba mzigo wa miaka 10, lakini hakuna sheria iliyoeleza mtu yule amesoma nini. Na hapa njo historia inagusa kwetu moja kwa moja. Tarehe 30 mwezi wa saba 1888, Léopold II alitia saini dekreti ya mikataba na madeni kwa ajili ya État Indépendant du Congo. Ilifuata mfano wa kitabu cha Napoléon, na ile miaka 10 ya arshitekte na entreprenere iliingia ndani. Ndiyo kusema, mzigo ulifika Kongo mbele ya reli ya Matadi kufika Léopoldville, kwani ile reli ilifunguliwa mwaka wa 1898.

Uhuru ulileta muzuri, ukaleta na mubaya

Tusiseme haraka kwamba ule uhuru ulikuwa mubaya tu. Angalieni Henry van de Velde. Alizaliwa Anvers mwaka wa 1863 na alisomea kuchora picha, hakusomea arshitektire. Mwaka wa 1895 akachora nyumba yake mwenyewe mu Uccle, karibu na Bruxelles, akaiita Bloemenwerf. Leo ile nyumba inasomwa mu vitabu vya historia ya arshitektire. Kama sheria ya leo ingekuwako siku zile, angekatazwa kuichora. Tena, mtu huyu bila diploma ya arshitektire njo alianzisha shule ya La Cambre mu Bruxelles mwaka wa 1926, shule ambayo imetoa maarshitekte wengi wenye diploma. Historia inajua kuchekesha.

Lakini kwa kila van de Velde mmoja kulikuwa na wengine wengi waliotumia ule uhuru kwa kula makuta ya watu. Ugonjwa mkubwa ulikuwa huu: mtu mmoja anachora plani, yeye yeye anauza matofali, yeye yeye anajenga, na yeye yeye anasema kazi ni muzuri. Nani anamchunga? Tuchukue mfano wa shantiye yoyote. Plani inaomba mifuko 60 ya sima kwa nguzo. Mwenye kuchora akiwa ndiye mwenye kujenga, kila mfuko usiotiwa ndani ya nguzo unabaki mu mfuko wake wa suruali. Mwenye nyumba haoni kitu, juu saruji ikikauka, rangi yake ni moja.

Mu 1895, Mfaransa Julien Guadet aliandika kanuni za kazi ya arshitekte, zikapokelewa na kongamano la maarshitekte mu Bordeaux. Wazo lake kubwa: arshitekte analipwa na mwenye nyumba peke yake, hachukue kamisio kwa muuza vifaa, na asiwe entreprenere. Ilikuwa kanuni ya heshima tu, haikuwa sheria. Mwenye kuivunja hakufungwa. Lakini wazo lilikuwa limepandwa.

Chicago: leseni ya kwanza

Sheria ya kwanza ya leseni mu Marekani ilitoka mu jimbo la Illinois, mwaka wa 1897. Si ajabu. Mji mkubwa wa jimbo lile ni Chicago, mji ulioungua vibaya mwaka wa 1871, kisha ukaanza kujenga nyumba ndefu za chuma kuliko zote zilizoonekana mbele. Nyumba ya gorofa moja ikiwa na kosa, inaumiza familia moja. Nyumba ya gorofa kumi na tano ikiwa na kosa, ni mtaa mzima unalia. Kati ya watu waliosukuma ile sheria kulikuwa Dankmar Adler, mwenzake wa kazi Louis Sullivan. Nathan Ricker, profesa wa Université ya Illinois, alikuwa mu tume iliyotayarisha mitihani.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika.

La kwanza: wenye walikuwa wanafanya kazi tayari walipewa leseni bila mtihani. Wazee waliingia kwa mlango wa nyuma, vijana njo walifanya mtihani. Karibu kila inchi iliyotunga sheria ya namna hii ilifanya vile vile, juu bila hiyo wazee wangeipinga sheria mpaka ife. Wakati mutasikia mjadala wa sheria mpya, angalieni ile sehemu ya watu wenye kusamehewa mtihani. Hapo njo siasa imelala.

La pili: mtihani uliwafungulia wengine mlango. Marion Mahony, binti aliyemaliza arshitektire ku MIT mwaka wa 1894, alipata leseni ya Illinois mwaka wa 1898, akawa kati ya wanawake wa kwanza duniani wenye leseni ya arshitekte. Biro ya wanaume ingeweza kumkataa juu ni mwanamke, lakini karatasi ya mtihani haikuangalia hilo. Sheria inaweza kuwa ukuta, inaweza pia kuwa ngazi. Majimbo mengine yalifuata moja moja, na ilifika mwaka wa 1951 ndipo majimbo yote ya Marekani wakati ule yakawa na sheria ya leseni.

London: kazi ao sanaa?

Uingereza walibishana sana. Chama chao kikubwa cha maarshitekte, RIBA, kilianzishwa mwaka wa 1834, lakini kuingia ndani kulikuwa kwa mapenzi ya mtu. Wakati wengine walianza kuomba sheria ya kuandikisha maarshitekte wote, mwaka wa 1891 kundi la wasanii na maarshitekte wenye jina waliandika gazetini kukataa. Norman Shaw alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata, yeye na Thomas Graham Jackson walitoa kitabu kizima juu ya swali lile: arshitektire ni kazi ya diploma ao ni sanaa? Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema mtihani unaweza kupima hesabu na sheria za mji, lakini hauwezi kupima macho na roho ya mwenye kuchora. Na umma utafikiri kila mwenye kashe ni fundi wa kweli.

Mwishowe sheria ilikuja kwa hatua mbili. Ya 1931 ililinda maneno «arshitekte aliyeandikishwa». Basi mwenye hakuandikishwa aliendelea kujiita arshitekte tu, na watu hawakuona tofauti. Ya 1938 ikafunga ule upenyo: neno «arshitekte» lenyewe likalindwa. Lakini angalieni: mu Uingereza mpaka leo sheria inalinda jina, hailindi kazi. Mtu yeyote anaweza kuchora nyumba na kuomba ruhusa ya kujenga. Anakatazwa tu kujiita arshitekte.

Bruxelles 1939: jina na kazi pamoja

Ubelgiji ulichagua njia ingine, yenye nguvu zaidi. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa pili 1939 ilisema mambo matatu makubwa.

Moja: jina la arshitekte ni la mwenye diploma inayokubaliwa.

Mbili: Serikali, majimbo, miji na watu binafsi, wote wanalazimishwa kupita kwa arshitekte kwa kila jengo lenye kuomba ruhusa, ukitoa kazi ndogo zilizosamehewa. Tena hawapite kwake kwa plani tu. Arshitekte anapashwa pia kuchunga kazi wakati inafanyika. Hii ya pili njo ya maana. Plani muzuri iliyotupwa mikononi mwa masoni bila mchungaji ni karatasi tu.

Tatu: kazi ya arshitekte haiunganike na kazi ya entreprenere. Lile wazo la Guadet la 1895, lililokuwa heshima tu, sasa lilikuwa sheria.

Hesabuni: kutoka 1804 mpaka 1939 ni miaka 135. Miaka 135 ya kumhukumu mtu ambaye sheria haijamtambulisha.

Lakini sheria ya 1939 haikuwa na askari. Nani ataandika majina? Nani ataadhibu mwenye kukopesha kashe yake? Jibu lilikuja na sheria ya tarehe 26 mwezi wa sita 1963, iliyoanzisha Ordre des Architectes ya Ubelgiji. Tangu hapo, diploma peke yake haitoshi. Unafanya staji ya miaka 2 kwa arshitekte mwenye uzoefu, unaandikwa kwenye orodha, na ukivunja kanuni, wenzako wanakuita mbele yao na wanaweza kukufuta. Hata hapo kulibaki kidonda: arshitekte alijibu ile miaka 10 na mali yake yote, mpaka nyumba ya kulala watoto wake. Ilifika sheria ya 2006 ndipo aliruhusiwa kufanya kazi kwa jina la kampuni, na asiransi ikawa ya lazima.

Ufaransa: siku Ordre ilitumiwa kufukuza watu

Kuna ukurasa mweusi, na hatuwezi kuuruka. Ufaransa uliunda Ordre yake ya maarshitekte tarehe 31 mwezi wa 12 1940. Tarehe yenyewe inasema kitu: inchi ilikuwa imeshindwa vita, na utawala wa Vichy ulikuwa unafanya kazi pamoja na Wajerumani wa Hitler. Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa 1941, dekreti ingine ikapunguza maarshitekte Wayahudi: wasizidi asilimia 2.

Muelewe vile ilivyowezekana. Kwa kumtoa mtu kwenye kazi yake, hauna lazima ya kuvunja biro yake usiku. Inatosha kuwa na orodha moja ya lazima, kisha kuamua nani aandikwe na nani asiandikwe. Orodha ile ile yenye kulinda mwenye nyumba inaweza kugeuka silaha mikononi mwa utawala mubaya. Sisi wa inchi ambapo tumeshaona watu wanapangwa kwa kabila na kwa asili yao, hilo fundisho halihitaji tafsiri.

Kisha vita, Ordre ilibaki, ikasafishwa. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa kwanza 1977 iliiweka upya, ikasema arshitektire ni jambo la faida ya watu wote, na ikalazimisha kupita kwa arshitekte kwa kuomba ruhusa ya kujenga. Lakini iliacha mlango kwa mtu mwenye kujijengea nyumba ndogo yake mwenyewe. Leo mpaka ule ni meta 150 za mraba.

Na kwetu?

Wakati wa ukoloni, kalamu ya kuchora miji yetu ilikuwa mikononi mwa watu waliotoka Ubelgiji. Théâtre ya Lubumbashi, iliyomalizika mu miaka ya 1950, ni kazi ya Claude Strebelle. Shule za sanaa zilikuja kwa kuchelewa: Saint-Luc ilianza Gombe-Matadi mwaka wa 1943, ikahamia Léopoldville mwaka wa 1949, ku Élisabethville, Laurent Moonens alianzisha Académie mwaka wa 1951. Dekreti ya irbanisme ilitoka tarehe 20 mwezi wa sita 1957, miaka 3 tu mbele ya uhuru. Kwa mpango huo tulirithi kwanza mzigo wa 1888, kisha shule, kisha karatasi za ruhusa, na miji ikakua haraka kuliko vyote vitatu.

Majirani wamefuata njia zao. Kenya ina sheria ya kuandikisha maarshitekte tangu 1934, tena inawaweka pamoja na wapimaji wa gharama. Rwanda ilitoa sheria yake mwaka wa 2012, ikiunda chama cha maarshitekte na chama cha mainjinia kwa mara moja. Kijana wa Goma ao Bukavu mwenye kutaka kufanya kazi ng'ambo ya mpaka anapashwa kujua: diploma yako itaangaliwa, lakini haitatosha. Wataomba jina lako liwe kwenye orodha yao.

Kutoka hii historia, mimi naona maswali manne ya kuuliza mbele ya sheria yoyote ya namna hii, kwetu ao kwingine. Inalinda jina tu, ao na kazi pia? Nani anasamehewa mtihani, na kwa nini? Nyumba ya maskini iko wapi ndani yake, juu mama mwenye kujenga vyumba viwili na mbao hana makuta ya kulipa arshitekte? Na nani anachunga wenye kushika orodha? Sheria isiyojibu swali la tatu itafanya nyumba nyingi za mji ziwe za magendo kwa siku moja. Isiyojibu la nne, tumeona Ufaransa 1941.

Kwa nyinyi wenye kumaliza arshitektire na ujenzi, kuna jambo moja lisilongoja bunge. Mara nyingi mtu atakuja kwako na plani iliyochorwa na mwingine, atasema: «Mkubwa, tia saini tu, nakupa kitu kidogo, ni ya kupitisha ku biro.» Kile kitu kidogo kitaisha kwa wiki moja. Saini itabaki miaka 10, na ile miaka haimuulizi mwenye kuchora, inamuuliza mwenye jina lake liko chini ya karatasi. Ile dekreti ya 1888 hautaifahamu siku ukuta unaanguka. Uifahamu leo.

Mjadala uko wazi, wandugu. Mwenye kufanya kazi ku shantiye, mwenye kusoma droit, mwenye familia imejenga bila arshitekte na nyumba ingali imara, leteni mawazo: mu miji yetu, tuanze na kulinda jina, ao tuanze na kuchunga kazi?